Venas, Venis, Venos: Miaka Yangu kwenye Simu ya Reli

Chantal, aliyekalia kiti changu kwenye gare, yaani stesheni, ya Dilolo, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia sasa kazi ya simu ya reli. Nimekubali kwa sharti kwamba nisiseme habari za vyeo. Nilipandishwa mara chache, nikasahauliwa mara nyingi, na hakuna treni hata moja iliyochelewa kwa sababu ya cheo changu. Zilikuwa na sababu zake nyingine. Nitasema habari za kazi yenyewe, ambayo ni kusikia.

Jina langu ni Ngalula. Nimezaliwa Kolwezi, lakini wazee wetu walitoka Kasai. Babu aliletwa kuchimba shaba, baba akazaliwa kambini na kushika sururu ileile. Nyumbani tulisema Kiluba, uani Kiswahili, shuleni Kifaransa, na kanisani tuliimba kwa zote tatu, wakati mwingine katika wimbo mmoja. Lugha hazikunitisha. Kilichonitisha kazini kilikuwa simu.

Sikuajiriwa kwa ajili ya simu. Niliajiriwa kukata tiketi kwenye gare ya Kolwezi, kwa maana shefu, mkuu wa gare wa wakati ule, aliamini kwamba sauti ya mwanamke ni ya dirishani. Simu ilikuwa chumba cha nyuma: sanduku jeusi ukutani, mkono wa kuzungusha, na kipokezi kizito kama nyundo. Gare zote za njia ya magharibi zilining'inia kwenye waya mmoja. Kila gare ilikuwa na mlio wake, ila mlio wa mmoja ulisikika kwa wote, na wote waliinua vipokezi kusikiliza. Mtu akitaka kujua nani ameoa na nani amefukuzwa kati ya Kolwezi na mpaka wa Angola, hakuhitaji gazeti.

Mwenye chumba kile alikuwa Tata Kazadi, mtu mwembamba, mwenye tai iliyofungwa vizuri juu ya shati lisilo na kifungo cha juu. Kila nilipokosa wateja nilikwenda kusimama mlangoni kwake. Shefu alinirudisha dirishani. Nikarudi mlangoni. Akanirudisha tena. Mwishoni Tata Kazadi mwenyewe alimwambia, "Shefu, huyu mama mudogo atatoboa sakafu na kusimama kwake. Umuache aikale."

Siku yangu ya kwanza rasmi kwenye simu alinikataza kusema neno lolote. Nilishika kipokezi sikioni mpaka sikio likawa moto. Jioni aliniuliza nimesikia nini.

"Treni ya makaa imetoka Mutshatsha," nikajibu.

"Ulisikia 'imetoka', ao ulisikia 'Mutshatsha' na ile ingine uliwaza?"

Nilikuwa nimewaza.

"Kesho utasikiliza tena," akasema, akavaa koti lake akaenda zake.

Ilichukua muda kabla sijaelewa kwa nini alikuwa mkali hivyo, yeye ambaye katika mambo mengine alikuwa mpole. Mbele ya gare yetu alikaa mshona viatu aitwaye Tata Mbuyi, mwenye mguu mmoja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua chumba, Tata Kazadi alipita kwake, akamwamkia kwa mikono miwili, akaulizia watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Nilidhani ni ndugu. Siku moja mvua ikituzuia sote ndani, Tata Kazadi alinisimulia.

Mbuyi alikuwa mtu wa ekipi ya njia, wale wanaobadilisha mataruma chini ya reli na kukaza misumari. Asubuhi moja ekipi yake ilisubiri kwenye gare ndogo upande wa magharibi, ikitaka kujua kama treni ya usiku imeshapita na kufika Kolwezi ili waweze kuingia njiani. Tata Kazadi aliwajibu kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka, kwamba treni haijafika. *N'est pas arrivé.* Waya ulikuwa unakoroma. Kule walisikia *arrivé*. Wakaingia.

"Nilisema sawasawa," Tata Kazadi aliniambia. "Bote balikubali nilisema sawasawa. Mbuyi pia alikubali, mu hospitali. Haikurudisha mukulu."

Mukulu, kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ni mguu.

Ndiyo sababu, nadhani, alianza kutafuta lugha. Wengine wangetafuta waya mpya, na alitafuta huo pia, akaandika barua nyingi ambazo hazikujibiwa. Lakini katika kutafuta alikuta Ido. Ni lugha ya kutengenezwa: watu wa Ulaya waliketi mezani zamani wakaitunga, ili watu wa mataifa mbalimbali wasikilizane bila mmoja wao kuwa mwenye lugha na wengine wageni wake. Tata Kazadi alifundishwa kwa posta na mzee mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa anafundisha bure mtu yeyote mwenye subira na stempu.

Wakati ule treni zilikuwa zimeanza kupungua. Treni ya Jumanne bado ilifika Jumanne, ila hakuna aliyethubutu kusema Jumanne ipi. Tulikuwa na saa nyingi za kukaa, na Tata Kazadi hakupenda saa zikae bure. Akanifundisha kitenzi kimoja, akisema kwamba mtu wa reli akijua hicho, vingine vyote atavifungua kwa ufunguo uleule.

*Venar* ni kuja. *Venas*, inakuja. *Venis*, ilikuja. *Venos*, itakuja. *Venus*, ingekuja. *Venez*, njoo. Iwe mimi, iwe wewe, iwe treni au kundi la ng'ombe, neno halibadiliki kichwa. Mimi niliyechapwa fimbo shuleni kwa ajili ya vitenzi vya Kifaransa, ambavyo kila kimoja kina tabia zake kama mama mkwe, niliona jambo hili kuwa adabu kubwa.

"Angalia," aliniambia. "Mu Kiswahili yetu wakati inaikala mu tumbo ya neno. I-na-kuya. I-li-kuya. I-ta-kuya. Huku inaikala mu mukia. Ukikata mukia, hauyue treni iko fasi gani."

"Na kama mukia inapotea mu telefone?"

"Njo pale unauliza tena."

Nilimkamata mahali pamoja tu. "Tata, 'treni haiyafika' banasema namna gani?"

Alifikiri mpaka maji ya chai yakachemka. "*Ankore ne venis*. Bado, hapana, ilikuja."

"Maneno tatu? Kiswahili iko na moya."

"Basi andikia bale bazee ya Ulaya," akasema, akamimina chai.

Baadaye alihamishiwa gare nyingine ya njia ileile, na kwa miaka kadhaa tulisemeshana Ido kwenye waya ule mmoja, gare zote zikisikiliza na kukasirika kwa kutoelewa. Halafu akastaafu, akapanda treni kwenda Kasai kwa watu wake. Huko alifariki. Baada yake sikuwa na mtu wa kusema naye lugha ile. Nilisema peke yangu nikichambua mchele, ili isiote kutu.

Miaka iliyofuata sitaisimulia yote. Njia ilichoka. Mabehewa yalianguka na kuinuliwa na kuanguka. Barabara ilijaa malori ya shaba yakitoka Fungurume na Kolwezi usiku na mchana, na vijana kutoka kila pembe ya nchi walikuja kuchimba, wakipita mbele ya gare yetu na magunia yao bila hata kuitazama. Wenzangu wengi waliacha kazi wakaenda sokoni. Dada yangu aliniuliza nangoja nini. Nikamjibu kwamba nangoja treni, ndiyo kazi niliyoandikiwa. Hakucheka.

Kisha upande wa Angola wakajenga upya njia yao kutoka baharini mpaka mpakani, na siku moja tukaambiwa kwamba treni zitavuka tena. Walihitaji mtu wa simu Dilolo. Wenye kujua mahali penyewe walikataa. Mimi niliomba kwenda. Watoto wangu walikuwa wakubwa, mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nilikuwa nimekaa kando ya njia ile tangu ujana bila kuona mwisho wake.

Dilolo ni mji wa soko na mpaka. Ng'ambo ya mto ni Angola, na gare yao ya Luau haiko mbali. Kati yetu kulikuwa na njia moja tu na daraja moja, maana yake kila kitu kilichoingia njiani kilipaswa kuwa peke yake: ama treni yao, ama treni yetu, ama kigari cha ekipi. Aliyekuwa akihakikisha hivyo upande wetu ni mimi, na upande wao ni bwana mmoja aitwaye Domingos. Kati yangu na Domingos palikuwa na simu ya kazi. Simu za mkononi zilikatazwa kwa jambo hili, na hata zisingekatazwa, mtandao wa pale ulivuka mpaka bila pasi kila upepo ulipogeuka.

Domingos alitoka pwani ya kwao. Alisema Kireno na lugha ya nyumbani kwao, Kiumbundu. Mimi nilisema Kifaransa, Kiswahili na Kiluba. Watu wa Dilolo walitucheka. "Juu ya nini hamuseme Kichokwe? Hapa bote banasema Kichokwe, huku na kule." Walisema kweli. Ila Kichokwe changu kilikuwa cha kununulia mihogo, na chake kilikuwa cha kununulia samaki, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuweka watu darajani juu ya mihogo na samaki. Tulijaribu Kifaransa na Kireno, kila mtu na chake. Lugha hizo ni ndugu, na kama ndugu wengi zinadanganyana kwa kufanana. Mara ya tatu nilipomwelewa visivyo, nilimwambia angoje. Nikamfundisha *venar*.

Alifikiri nina wazimu. Lakini alikuwa mtu mwenye bidii, na Kireno chake kilimsaidia, kwa hiyo haukupita muda mrefu alikuwa na nyakati zote mdomoni. *Kad la treno venas?* nilimuuliza, je, treni inakuja? *La treno venos*, alijibu, itakuja. Nami nilimrudishia neno lake, naye alilithibitisha, ndipo nikaweka kipokezi chini. Shefu wetu wa gare, Shefu Kalenga, mtu wa haki lakini mwenye hofu ya wakubwa, alinikuta nikisema hivyo akauliza kama ni Kirusi. Nilimweleza. Akasema kanuni inataka Kifaransa. Nikamwambia kanuni haijawahi kusema na Domingos. Hakukubali wala hakukataa. Ninyi mtazoea: kazini idhini nyingi ni za namna hiyo.

Sasa nifike kwenye asubuhi ninayotaka muijue.

Treni yetu ya mizigo ilikuwa imetoka kwenda Luau. Nyuma yake ekipi ya njia ilingoja kuingia darajani, kwa maana mataruma ya pale yalikuwa yameoza na kesho yake wakubwa walitazamiwa kupita na treni ya ukaguzi. Kapita, yaani msimamizi, wa ekipi aliitwa Sakayombo. Alikuwa Mchokwe wa Dilolo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha mawe, na watu wake walimpenda. Walikuwa wamesimamisha kigari chao kwenye reli mbele ya dirisha langu, kimejaa vyuma na mataruma. Daraja lile halina pa kukimbilia, na treni iliyokwama mbele huweza kurudi kinyumenyume. Mtu akikutwa katikati, ana mto chini na chuma mbele.

Nikampigia Domingos. Waya ulikuwa unakoroma. Niliuliza, nikasikia mngurumo, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, halafu sauti yake kutoka mwisho wa mngurumo:

"...*venis*."

Kisha kimya. Simu ilikufa.

Sakayombo alikuwa ameegemea dirisha. Kwa kukaa pale asubuhi nyingi alikuwa amejifunza maneno yetu. "Venis!" akawaambia watu wake. "Imeisha kufika. Twende!"

"Mungoje," nikasema.

"Mama, nilisikia na masikio yangu. Venis."

"Mi pia nilisikia venis. Mbele ya venis sikusikia kintu."

Mngejua lugha ile mngeelewa mara moja. Treni ikiwa imefika, Domingos angesema *la treno venis*. Ikiwa bado, angesema *ankore ne venis*. Mkia ni uleule. Yale maneno mawili yanayookoa watu yanakaa mbele, na mbele palikuwa na mchanga kwenye bati. Nilizungusha mkono wa simu, nikazungusha tena. Hakuna.

Shefu Kalenga akatoka ofisini. Nilimweleza. Aliangalia reli, akaangalia jua. "Treni imeondoka zamani, Mama Ngalula. Hata kwa miguu ingekuwa imefika. Na umesikia neno."

"Nilisikia nusu, Shefu."

"Kesho wakubwa banapita. Nitabaambia nini?"

"Ubaambie telefone ilikufa."

"Ninakuamuru utoe njia, waingie."

"Shefu, utoe weye. Utie saini yako. Mi sitoe."

Hakutoa. Sitaki mmwone vibaya kwa hilo. Alikuwa na mke na watoto na wakubwa, na jibu langu lilikuwa la utovu wa adabu mbele ya watu wa kazi. Alisema ataandika ripoti, akarudi ndani.

Sakayombo hakungoja ripoti. Aliwafanyia watu wake ishara, nao wakaweka mikono kwenye kigari kusukuma. Nikachukua bendera nyekundu, nikatoka, nikashuka kwenye reli, nikaisimika katikati ya kokoto mbele ya kigari. Mimi nikasimama nyuma ya bendera. Sikuwa kijana.

"Mama, utoke!" Sakayombo alipiga kelele. "Unatuletea sheria ya lugha yenye haina hata kijiji! Treni imefika!"

"Pengine imefika."

"Sasa?"

"Sasa sikusikia. Ukitaka kupita, unipite mi kwanza. Bato yako njo batakufa, hapana mi, na mi njo nitaenda kuambia bibi zabo nilisikia nusu. Siende."

Mmoja wa watu wake, mzee wa ekipi, aliondoa mikono yake kwenye kigari na kukaa chini juu ya reli. Mwingine akafuata. Sakayombo alitema mate, akanigeuzia mgongo. Tulikaa hivyo kwenye jua mpaka kivuli cha gare kikatufikia. Mwuza mihogo alipita akauza kwa wote isipokuwa mimi.

Simu ililia alasiri. Nilikimbia. Waya ulikuwa safi kama kengele ya kanisa.

"Kad la treno venis?" nikauliza.

"*Yes*," akasema Domingos, akishangaa. "*La treno venis.*" Akaendelea kwa Kireno chake cha polepole kwamba alikuwa ameniambia hivyohivyo asubuhi.

Basi. Treni ilikuwa imefika tangu asubuhi. Ekipi ingeweza kuingia, ikamaliza kazi, ikarudi kula. Nilitoka nje nikawaambia ukweli huo kama ulivyo, nikang'oa bendera yangu. Sakayombo alicheka kicheko kisicho na furaha. Mataruma hayakuisha siku ile, treni ya ukaguzi ilipita darajani kwa mwendo wa konokono, na wakubwa walishuka wakiwa na hasira iliyohitaji mtu.

Niliitwa Kolwezi kujieleza. Walikuwa mabwana watatu na mama mmoja, nyuma ya meza ndefu. Aliyekuwa katikati hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kwa upole kama treni ilikuwa imefika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama neno nililosikia lilikuwa neno lenyewe la kufika. Nikasema ndiyo.

"Basi, Mama, ulikosea."

"Hapana, Bwana Mkurugenzi. Mngeniambia nilikosea kama ningesema treni haijafika. Mimi nilisema sijui. Nilikuwa sijui kweli."

"Na ikitokea tena?"

"Nitasimama palepale."

Yule mama aliyekaa pembeni aliinamisha kichwa na kuandika kitu, nadhani ili asitabasamu. Haikunisaidia. Walinipa mizapie, yaani kusimamishwa kazi bila kulipwa, na wakanionya kuhusu lugha zisizo za kanuni. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la gare ya Kolwezi, mahali nilipoanzia, nikalia kidogo. Kisha nikanunua tiketi ya kurudi Dilolo, kwa maana kusimamishwa si kufukuzwa, na nilitaka kuwa karibu siku adhabu itakapokwisha.

Wakati wa adhabu yangu alikaa kwenye simu bwana mmoja kutoka ofisi ya mizigo. Aliisemesha Luau kwa Kifaransa, akajibiwa kwa Kireno, akasema *bon*, akatoa njia. Hakuna baya lililotokea. Nilikuwa nikiangalia kutoka uani kwangu, kila asubuhi, kigari kikienda darajani, na sikupumua vizuri mpaka kiliporudi.

Jioni moja nikasikia mtu akipiga hodi. Alikuwa Sakayombo, amevua kofia. Nilimpa kiti.

"Mama, mizapie inaisha siku gani?"

"Juma ijayo."

"Urudi mbio." Alizungusha kofia mikononi. "Ule bwana, kila asubuhi ninamuuliza: ulisikia neno yote ao nusu? Ananiangalia kama mi iko mulevi. Zamani sikukuwaka nauliza. Nilikuwaka naingia tu. Sasa pale mu kati ya daraja ninaanza kuwaza, mikono inakuwa baridi. Njo weye ulinifanyia vile."

"Pole, Kapita."

"Hapana pole. Urudi."

Nilipomtengea chakula, alikula.

Niliporudi kazini jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba Domingos tukutane. Tulikutana kwenye daraja, kila mtu akitoka upande wake, mbele ya askari wa mipaka waliotudhania kuwa wapenzi wazee. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Aliniomba msamaha kwa kuwa alisema ukweli katika ripoti yake. Nikamwambia ningemkasirikia kama angesema kingine. Kisha tukakubaliana. *Ankore ne venis* tuliitupa mtoni. Tangu siku ile, treni ambayo haijafika iliitwa *mankas*, yaani inakosekana. *Venis* na *mankas* hayana hata irabu moja ya kushirikiana mkiani, na mtu akisikia nusu ya moja hawezi kuidhania nusu ya jingine. Tata Kazadi angesema nimeharibu sarufi yake nzuri. Halafu angelitumia.

Shefu Kalenga hakuandika sheria yoyote. Lakini asubuhi moja nilimsikia mlangoni akimuuliza Sakayombo, kwa sauti ya chini, "Amesema venis ao mankas?" Tukaendelea hivyo kwa miaka, na watu wa ekipi ile wote walizeeka na miguu yao yote.

Chantal alikuja mwishoni. Ni mzaliwa wa Dilolo, ana diploma, na ana kiburi kizuri. Nilimkalisha siku nzima na kipokezi bila kusema. Alilalamika. Nilimfundisha *venas, venis, venos* na *mankas*, akayashika asubuhi moja, jambo lililoniudhi kidogo. Kisha nikastaafu. Waliniimbia, wakanipa mbuzi, nikarudi Kolwezi kwa binti yangu.

Mwezi uliopita nilimpigia Chantal kuuliza habari. Tuliongea juu ya mvua, juu ya Sakayombo ambaye sasa ana bustani ya nyanya. Nikauliza kama Domingos bado anasema *mankas* kama mtu anayepiga chafya.

"Mama, usikasirike. Tuliacha ile lugha."

"Muliacha?"

"Domingos alioa kule, bibi yake ni Muchokwe wa kwetu. Kichokwe yake imekuwa muzuri kabisa. Na mi nimezaliwa mu Kichokwe. Tunasema Kichokwe, Mama. Neno ya kufika na neno ya kukosa, tulichagua yenye hazifanane hata kidogo. Tulikaa siku mbili tunachagua."

Nilikasirika. Lazima niseme. Nilimwona Tata Kazadi na stempu zake, na mimi na mchele wangu, na mabwana nyuma ya meza ndefu. Niliacha hasira ipite, kama mtu anavyoacha treni ipite kabla ya kuvuka.

"Anakurudishia neno?" nikauliza.

"Kila mara."

"Na weye unamurudishia?"

"Kila mara, Mama. Juzi waya ilikoroma, nilingojesha ekipi mpaka saa sita. Kapita mupya alinitukana sana."

"Alikutukana namna gani?"

Akanieleza. Yalikuwa matusi mazito, ya Kichokwe, na mengine hata sikuyaelewa.

"Na weye?"

"Nilikaa chini juu ya reli, mbele ya kigari, Mama," Chantal akasema. "Kusimama kunachokesha."